Jembe gani ununue kabla ya mvua: la kwanza hadi la mwisho

Ingia duka lolote la vifaa pale Arua, Bweyale au Busia mwezi wa pili, utakuta majembe yamefungwa mafungu kwa waya, rangi bado inanukia, na muuzaji keshakuandalia maneno: "Bosi, hii ni orijino kabisa." Usimgombeze. Naye amelipokea kutoka Kampala likiwa limeshapakwa rangi, na hana namna ya kujua kilicho chini yake.

Wazee wanasema majembe ya siku hizi ni mabati, na kwa sehemu kubwa nakubaliana nao. Ninachokataa ni ile sababu inayotolewa kila mara, kwamba "ni ya China, utafanyaje." Jembe la Mamba wanalolisifia, lile lenye nembo ya mamba, lilikuwa nalo la nje. Lilifuliwa na kampuni ya Chillington huko Wolverhampton, Uingereza, likaletwa huku kwa meli. Na kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilijengwa kwa msaada wa China hiyohiyo. Kwa hiyo tusiseme Mchina hajui kufua jembe. Anajua. Anakufulia ulichoagiza.

Tatizo ni agizo. Jembe la kulimia kweli linataka chuma chenye kaboni ya kutosha, karibu asilimia 0.5 hadi 0.8. Kinapashwa moto, kinafuliwa, kinachovywa kwenye maji au mafuta kigumuke, kisha kinarudishwa kwenye moto mdogo ili kisivunjike kwa wepesi. Kila hatua inakula moto, muda na fedha. Mfanyabiashara anayetaka kontena lake liwe la bei ya chini kuliko la jirani yake anaanza kupunguziwa: kwanza unene, halafu ile hatua ya moto, mwishoni chuma chenyewe, anapewa kile laini cha kaboni isiyofika asilimia 0.25, ambacho hata ukikichovya mara mia hakigumuki. Kiwanda kilekile kinaweza kumtolea mteja mmoja jembe la miaka na mwingine jembe la msimu, yote yakiwa na picha ya mnyama yuleyule. Aliyeamua ubora ni mtu aliyekaa Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla ya Kampala, na kikokotoo.

Shirika la viwango la Uganda, UNBS, lina utaratibu wa kukagua bidhaa za nje hukohuko zinakotoka, na ulianza mwaka 2010. Unasaidia. Lakini mzigo unaovuka kwa njia za panya haujakaguliwa na mtu, nasi wa mipakani tunajua njia hizo ni ngapi. Kwa hiyo ukaguzi wa mwisho ni wako, pale kaunta.

Nenda na tupa ndogo mfukoni. Muombe muuzaji kwa adabu, "Mama, naomba niguse makali kidogo," na wengi watakubali ukiwa unanunua kweli. Pitisha tupa kwenye makali mara moja. Ikizama na kutoa unga mwingi, chuma ni laini, rudisha. Ikiteleza huku ikikwaruza kwa shida, hicho kimepitia moto. Kisha lining'inize kwa kidole kwenye tundu la mpini uligonge kwa kitu cha chuma. Lenye afya linalia, na mlio unakaa. Likijibu "tap" na kunyamaza, lina ufa au limeungwa. Halafu kagua tundu lenyewe kwa ndani, maana rangi nene hupakwa hapo makusudi. Kwaruza kwa ukucha au sarafu. Ukiona mstari wa kuchomelea, tundu na bapa ni vipande viwili, na hapo ndipo litakapoachana nawe katikati ya shamba. Mwisho, lipime. Majembe huuzwa kwa uzito wa pauni, na la pauni 3 linatakiwa kukaribia kilo 1.36. Duka linalouza misumari halikosi mizani.

Sasa orodha yenyewe.

La kwanza: lililofuliwa kipande kimoja, lenye mgongo

Mgongo ni ule mwinuko unaotoka kwenye tundu kushuka katikati ya bapa. Hauko pale kwa urembo. Unalizuia bapa lisijikunje likikutana na mzizi, na unamwezesha aliyelifua kuacha makali yawe membamba bila kulidhoofisha jembe zima. Bapa liwe nene karibu na tundu na jembamba kuelekea makali, maana lenye unene mmoja juu hadi chini limekatwa kwenye bamba tu. Nembo iwe imepigwa ndani ya chuma kwa mhuri, isiwe stika. Hata hivyo mhuri nao unaigwa, kwa hiyo usiache tupa nyumbani kwa sababu umeona mamba au jogoo.

Ndilo ghali kuliko mengine ya dukani, mara nyingi hufika karibu mara mbili ya lile hafifu, na watu wengi hapo ndipo wanaposhindwa. Piga hesabu kwa misimu. Tuseme la kwanza ni shilingi 22,000 na linakwenda misimu sita, na la bei rahisi ni 12,000 ila mwisho wa msimu limebaki kisigino. Kwa misimu sita wa pili ametoa 72,000. Na hapo sijahesabu mgongo wa mtu, kwa sababu jembe butu unaliinua mara nyingi zaidi kwa mstari uleule. Wanaolima kwa vibarua ndio wanaoiona hesabu hii mapema.

Kama unalima kwenye mawe, Kisoro, Kabale au miteremko ya Rwenzori upande wa Kasese, kwangu hakuna la kujadili. Chukua hili, chukua la pauni 3 au zaidi.

La pili: la mhunzi, kutoka springi ya lori

Hapa najua nitabishiwa. Lakini springi bapa za magari makubwa zimetengenezwa kwa chuma cha kaboni ya kutosha, na mhunzi anayejua moto wake akikutolea jembe kutoka humo, utalinoa mpaka uchoke. Ufundi huu si wa jana. Walabwor, kule ukingoni mwa Karamoja, waliwauzia majirani zao majembe waliyoyafua wenyewe, na Bunyoro nayo ilijulikana kwa majembe yake kabla bidhaa za meli hazijafika. Sehemu nyingi za kaskazini hata mahari ililipwa kwa majembe. Hakuna anayelipa mahari kwa bati.

Kinacholishusha hadi nafasi ya pili ni kwamba mafundi hawalingani. Mmoja analichovya likiwa na moto kupita kiasi na hasemi, wewe unaenda kulipasua kwenye jiwe la kwanza. Mwingine anakuuzia chuma cha nondo akidai ni springi. Nenda kwa fundi anayefanya kazi jirani na soko lako, ambaye unaweza kumrudia wiki ijayo. Muulize springi ya gari gani, naye atakuonyesha kipande kilichobaki. Asipokuwa nacho, ondoka. Faida nyingine ni kwamba huyuhuyu atakutengenezea bapa la upana unaoutaka na pembe inayomfaa mtu mrefu au mfupi, jambo ambalo kontena haliwezi.

La tatu: kuukuu la chuma kizuri

Siku ya mnada, pale wanapotandaza vyuma vya zamani chini kwenye turubai, kuna majembe yaliyolika hadi theluthi mbili na bado yanalia ukiyagonga. Chukua. Kwa palizi ya maharage au karanga bapa dogo ndilo linalotakiwa hata hivyo, na bei yake haifikii soda chache. Angalia tu kama tundu halijapanuka wala kupasuka pembeni. Kulimia shamba jipya halifai, ndiyo maana lipo hapa na si juu.

La nne: la kawaida la dukani, kipande kimoja ila jembamba

Haya ndiyo mengi. Hayajachomelewa, tupa inazama kiasi, mgongo ni wa kivuli. Kwenye udongo mwepesi wa kichanga kama ule wa sehemu nyingi za West Nile litakufikisha, mradi usilitumie kung'oa visiki. Ukilinunua, omba upunguziwe bei, na linoe mapema kabla halijajikunja.

La mwisho: bati lenye tundu la kuchomelea

Usinunue. Hata likishuka bei, hata akikuongezea mpini.

Kundi hili linaingia pia, mara nyingi, katika majembe ya kugawiwa: ya wagombea, ya miradi, ya wafadhili. Katika kampeni za 2016 majembe yalikuwa ahadi ya Rais Museveni mwenyewe kwa wakulima, na tangu hapo hakuna msimu wa kura usio na jembe. La bure lipokee, ni haki yako. Ila ukiwa kwenye kamati ya kikundi au ya kanisa inayonunua kwa fedha za watu, usiridhike na "majembe 200, bei hii." Andika kwenye oda: kipande kimoja, uzito wa kila moja, mhuri ndani ya chuma, na kwamba mtachagua matano ovyo kwenye mzigo myapitishie tupa mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Muuzaji mzuri hatakasirika. Risiti iwe na jina la duka, na malipo ya mwisho yabaki hadi mzigo uhesabiwe.

Nje ya orodha kuna jembe la meno. Shamba lako likiwa limevamiwa na lumbugu, ile nyasi inayotambaa chini kwa mizizi, bapa lolote, hata la kwanza, linakufanyia hasara: linaikata vipande na kila kipande kinachipua. Meno yanaivuta ikiwa nzima. Vipimo ni vilevile, lakini pinda jino moja kidogo kwa kulikanyaga. Likirudi lilikotoka, lipia. Likibaki limepinda, mwachie mwenyewe.

Mpini usiuchukue dukani kama una njia nyingine. Mingi hukatwa kutoka kalitusi (mkaratusi) mbichi, ikikauka inapasuka na kulegea. Tafuta mbao ya mti wa nsambya iliyokaushwa kivulini, uichonge ili ncha nene ibane kwenye tundu kadiri unavyolima. Ukiona unahitaji kabari siku ya kwanza, mpini huo ni mwembamba, chonga mwingine.