M35A2, lori la jeshi la Marekani: uzoefu wangu

Jeshi lililiita la tani mbili na nusu, ila hizo ni za porini. Kwenye lami linabeba mara mbili. Tupu lina karibu tani 6 na kwa kawaida usukani hauna pawa. Usiukate likiwa limesimama, tairi zianze kuviringika kwanza.

Injini ya silinda 6, lita 7.8, inakubali dizeli, mafuta ya taa, hata ya ndege. Mbio hazimo: zaidi ya kilomita 70 kwa saa ni kulitesa tu.

Ukiwasha, king'ora kinalia. Usiondoke mpaka presha ya upepo ipite 60 kwenye geji na kelele ikome, kwani upepo ndio unaoongezea mguu wako nguvu kwenye breki. Gia ya kwanza na rivasi huingia gari likiwa limesimama kabisa. Ikigoma, rudi nyutro, achia klachi, kanyaga tena, usilazimishe. Kushuka gia ni klachi mara mbili: kanyaga, toa gia, achia, ongeza resi kidogo, kanyaga, ingiza. Meno yakikwaruza, resi haikutosha.

Breki ndizo zinazoliondolea nyota. Masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, ni moja na njia ya mafuta hayo ni moja kwa magurudumu yote 6. Mpira mmoja wa kupitisha mafuta ya breki ukipasuka, pedali inazama hadi sakafuni na huna kitu. Breki ya mkono hubana shafti inayotoka kwenye boksi la kugawa nguvu. Ni ya kuegeshea, si ya kuokolea roho. Badilisha mipira yote kabla ya kitu kingine, kisha funga masta silinda ya njia mbili. Malori haya mengi yana mafuta ya breki ya silikoni. Usiyachanganye na ya kawaida. Ukiona oili ndani ya ringi, sili ya habu imekwisha na viatu vya breki vimelowa.

Kuzima: hakuna ufunguo. Acha injini inguruma taratibu dakika 3 hivi turbo ipoe, vuta kishikio cha kuzimia, ndipo uzime swichi. Swichi peke yake haizimi injini.

Nati za magurudumu ya kushoto hufunguka kinyume. Tafuta herufi L kabla hujaning'inia kwenye spana. Na ringi zenye pete ya kufungia zijazwe upepo ndani ya kizimba cha chuma tu, maana pete ikiruka inaua.