TAHADHARI: Bledi za bendiso zinazouzwa Nairobi kama za kabaidi, kumbe ni chuma kilichopakwa rangi

Mafundi wenzangu wa mbao, kuanzia Gikomba hadi Ngong Road, na ninyi wenye karakana kule Industrial Area: kuna muuzaji anayezungusha mtandaoni bledi za bendiso (msumeno wa mkanda unaozunguka kwenye magurudumu) anazodai zina meno ya kabaidi, ile ngumu kuliko chuma, au tangsteni kama wengi tunavyosema. Hazina. Ni bledi za kawaida za chuma cha kaboni ambazo ncha za meno zimepakwa rangi ya dhahabu. Majirani zangu wawili wa karakana wamenunua. Bledi zote mbili nimezishika na kuzisugua kwa kitambaa chenye thina, na rangi ikatoka yote. Chini yake hakuna ncha iliyounganishwa wala mshono. Ni chuma kile kile kutoka ncha ya jino hadi mgongo wa bledi.

Jina na namba ya simu anabadilisha, kwa hiyo mtambueni kwa mwenendo wake. Picha anazotuma ni za bledi halisi, zimepigwa kwa karibu sana. Duka hana, anasema mzigo uko stoo. Pesa anataka zitumwe kwa namba ya mtu binafsi kabla mzigo haujatoka. Kisha bledi inaletwa na boda, imekunjwa, imefungwa waya, na meno yamefunikwa karatasi ngumu. Ukimaliza kuifungua boda ameshaondoka. Ukilalamika, unaambiwa mashine yako ndiyo mbovu au mbao zako zina misumari.

Kinachoniuma ni kwamba anawapata walio na shida ya kweli. Mmoja wa majirani zangu alikuwa na kazi ya kupasua mvule. Anayeujua mvule anajua kwamba ndani yake mara nyingi mna vijiwe vya chokaa vinavyoua meno ya chuma haraka. Fundi wa namna hiyo ndiye anayehitaji kabaidi, na ndiye aliyeuziwa rangi. Siku hiyo hiyo mbao zilianza kutoka zimeungua na bledi ikawa inakimbilia upande mmoja. Mvule ulioharibika uligharimu kuliko bledi yenyewe.

Bei nayo iangaliwe. Bledi ya kabaidi ni ghali kwa sababu ya jinsi inavyotengenezwa: unga wa tangsteni kabaidi hushikanishwa kwa kobalti kwenye joto kali, kisha kila jino huwekewa kipande chake, kiunganishwe kwenye mkanda wa chuma, halafu kinolewe kwa jiwe la almasi. Marekani kwenyewe, bledi ya kupasulia mbao ya aina hiyo mara nyingi hupita dola 100, kabla ya usafiri na ushuru. Mtu akikuuzia mpya Nairobi kwa elfu chache, jiulize nani amelipa hiyo tofauti.

Kabla hujatoa hela, angalia jino kwa lenzi, au piga picha kwa simu uikuze. Jino la kabaidi lina kipande kinachoonekana wazi, rangi yake ya kijivu ni tofauti na ya mkanda, na kuna mstari wa mshono pale kinapokutana na chuma. Kwa bledi nyingi za mbao, kipande hicho ni kipana kuliko mkanda na kimezidi kidogo pande zote mbili, meno yenyewe yamenyooka. Bledi ya chuma cha kawaida hupata nafasi ya kupita kwa kupindisha meno, moja kushoto, jingine kulia. Hizi nilizoziona zilikuwa zimepindishwa hivyo hivyo. Kitambaa chenye thina usiache kukibeba.

Usikubali kuonyeshwa kwa sumaku. Kobalti iliyo ndani ya kabaidi huvutwa na sumaku, na chuma pia huvutwa, kwa hiyo jaribio hilo halithibitishi kitu. Tupa nayo inadanganya: itateleza juu ya kabaidi, lakini meno ya chuma yaliyokomazwa vizuri nayo huitelezesha. Cheche za grainda ndizo zenye ukweli. Omba kipande kilichobaki cha bledi hiyo hiyo, kwa maana hakuna muuzaji atakayekuruhusu kuharibu jino la bledi nzima, vaa miwani na barakoa kwa sababu vumbi la kobalti ni baya kwa mapafu, kisha gusisha ncha ya jino kidogo tu. Chuma cha kaboni kitamwaga cheche nyingi, ndefu, zinazopasukapasuka. Kabaidi hutoa chache, fupi, za rangi ya chungwa inayokaribia nyekundu, na jiwe la kawaida la kijivu halitaila.

Kuna ujanja mwingine ambao hata wenye maduka wanautumia: kukwambia bledi ina kobalti. Bledi za metali mbili zenye ukingo wa chuma cha M42 zina kobalti asilimia 8 hivi, na ni bledi nzuri, mimi nazipenda. Ila si kabaidi, na hazifai kuuzwa kwa bei ya kabaidi. Vivyo hivyo zile zilizopakwa chengachenga za kabaidi ukingoni bila meno: hizo ni za vigae na faiba, si za mbao.

Na hata ukipata halisi, usinunue kabla ya kupima mashine yako. Kanuni ya zamani inasema unene wa bledi usizidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu. Gurudumu la inchi 14 linataka bledi ya karibu milimita 0.36. Za kabaidi nyingi huanzia karibu milimita 0.6 na kwenda juu. Ikizunguka kwenye gurudumu dogo, bledi nene huchoka na kupata nyufa kati ya meno hadi ikatike. Pia inahitaji kukazwa sana, pauni 25,000 hadi 30,000 kwa inchi mraba, na fremu za bendiso nyingi ndogo hazifiki huko. Muuzaji asiyekuuliza ukubwa wa gurudumu lako hajali kitakachotokea baada ya kulipwa. Na kama unapasua mbao zilizotoka kwenye majengo, zenye misumari, baki na chuma cha bei nafuu. Kabaidi ni ngumu lakini inameguka. Msumari mmoja unaweza kuondoka na meno kadhaa.

Malipo: lipa baada ya kukagua, kwa namba ya till yenye jina la biashara, na udai risiti yenye maneno "meno ya kabaidi" na urefu wa bledi. Usitegemee kutuma ujumbe kwa 456 ili M-Pesa irudishwe. Huduma hiyo ni ya pesa zilizokosea njia, na tapeli hutoa zake mapema. Boksi likiwa na chapa ya kampuni inayojulikana na ndani mna feki, peleka habari kwa mamlaka inayosimamia sheria ya bidhaa ghushi ya 2008. Kwa kurudishiwa hela, kuna Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani: inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60.

Majirani zangu wanaandaa madai yao sasa. Kama nawe umeuziwa bledi yenye meno ya dhahabu yanayofutika kwa thina, usiitupe. Hifadhi angalau kipande chenye kiungo, yaani pale ncha mbili za bledi zilipochomelewa, picha alizokutumia na ujumbe wa M-Pesa, kisha niandikie ili tuyaunganishe.