Darasa la jioni la Mlandege: vitenzi vya Kiingereza vyenye vijineno kwa wanaofanya kazi na wageni

Mtu anayefanya kazi na wageni hapa Unguja, awe mapokezi ya hoteli, awe mtembeza wageni wa Mji Mkongwe au dereva wa teksi bandarini Malindi, mara nyingi anakijua Kiingereza cha skuli, tena anakijua vizuri. Akisoma "postpone" anafahamu, na akisoma "tolerate" anafahamu, kwa kuwa maneno hayo alikutana nayo katika vitabu vya sekondari. Kinachomshinda ni pale mgeni anapomwambia "we'd like to put it off till Friday", kwa sababu "put" anaijua na "off", yaani kijineno, neno dogo linaloandamana na kitenzi, anaijua, lakini zikikaa pamoja hazimfikishi kwenye maana ya kuahirisha. Darasa ninalolieleza hapa limeanzishwa kwa ajili ya shida hiyo hasa, nami nimelisoma mpaka mwisho, kwa hiyo naandika kwa ajili ya wenzangu wanaofikiria kujiunga.

Lipo Mlandege, ghorofani, na husomeshwa baada ya sala ya alasiri hadi karibu na magharibi. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na ndani yake kimo kijitabu cha mazoezi. Chumba ni kidogo, na feni moja haitoshi katika joto la kaskazi. Mengine ya chumba hayana uzito.

Lenye uzito ni utaratibu wa kusomesha, ambao ndio unaolitenga darasa hili na twisheni nyingi za mjini. Mwalimu, Mpemba aliyewahi kufanya kazi katika hoteli za pwani ya mashariki, hawapi wanafunzi orodha ndefu ya kuhifadhi. Huchukua kitenzi kimoja cha kila siku na kukaa nacho mpaka wakizoee. Siku tulipoanza "take" alimsimamisha kijana mmoja mlangoni na viatu vyake, kama mgeni aliyekaribishwa nyumbani kwa mtu, kisha akaandika ubaoni "take off your shoes", chini yake "take your shoes off", na chini yake tena "take them off". Mwisho akaandika "take off them", akaikata kwa mstari mwekundu bila ya kusema neno, na akatuachia tutafute wenyewe kosa liko wapi. Aliyelipata ni dada mmoja anayesafisha vyumba katika hoteli: jina la kitu, kama "your shoes", linaweza kukaa mbele au nyuma ya kijineno, lakini "it", "him" na "them" haziruhusiwi kukaa mwisho, bali ni lazima ziingie katikati. "Ahsante sana, dada, basi waeleze na wenzako," mwalimu alimwambia, na dada akasimama akaeleza kwa Kiswahili kilichotufahamisha sote.

Baada ya hapo alituonesha kwamba kanuni hiyo haivihusu vyote, kwa kuwa "look after" haikubali kukatwa, na mtu husema "look after them" tu. Akaonesha pia kwamba "take off" ya ndege inayopaa kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume haina kinachovuliwa wala kinachotendwa. Ndege inapaa, basi. Mpangilio huu wa kuanza na umbo kabla ya maana nauona ni wa busara mno, kwa sababu mwanafunzi akishajua kijineno kinakaa wapi hapati hofu ya kufungua mdomo, hata kama maana nyingine bado hajazijua.

Katika "get" tulifundishwa jambo ambalo kila mtembeza wageni angepaswa kulijua. Chombo ambacho mtu anaweza kusimama na kutembea ndani yake, kama vile basi, ndege au boti ya Dar es Salaam, kwa kawaida mtu "gets on" na "gets off", lakini teksi na chombo kidogo kama ngalawa mtu "gets in" na "gets out". Daladala nayo huenda pamoja na basi, hata ile ambayo mtu mrefu hawezi kunyooka ndani yake. Mwalimu aliunganisha somo hili na "pick up" na "drop off", na hapo akasimama kwa muda mrefu juu ya saa, kwa kuwa dereva aliyeambiwa "pick us up at seven" akaipokea kuwa ni saa saba badala ya saa moja atawafikia wageni wakati ndege yao imekwishaondoka. Nilifurahi kuona jambo hilo limepewa nafasi yake, maana sarufi ikiwa sahihi na saa ikiwa si sahihi, mgeni hakuhudumiwa.

Somo la matamshi ndilo lililonifaa zaidi kuliko yote. Sisi tumezoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo tunayaingiza katika Kiingereza bila ya kujijua. Katika "take off" uzito unakaa kwenye kijineno, ilhali katika "look at" unabaki kwenye kitenzi, na "at" hupita haraka kiasi cha kutosikika. Tena "check in" ikiwa ni tendo uzito huenda kwenye "in", lakini ikiwa ni jina, kama mtu anapouliza kuhusu muda wa "check-in", uzito hurudi kwenye "check". Tuliyarudia haya kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka sikio likaanza kusahihisha lenyewe.

Kasoro zipo, na kubwa zaidi imo katika kijitabu. Sehemu yake ya nyuma inapanga vitenzi kwa alfabeti na kukipa kila kimoja maana moja tu ya Kiswahili. "Take in" imeandikiwa "kuingiza", na mtembeza wageni aliyeishika maana hiyo atafanya nini mgeni atakapotoka Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, akamwambia "I couldn't take it all in"? Mgeni anasema kwamba aliyoyaona yamezidi uwezo wa akili yake kuyapokea. Fundi cherehani akiambiwa "take it in at the waist" anaombwa aibane nguo kiunoni, na mtu anayesema "I was taken in" analalamika kuwa amedanganywa. Darasani mwalimu aliyaeleza haya yote kwa ufasaha, na kwa sababu hiyo nasikitika kwamba kijitabu, ambacho ndicho anachobaki nacho mwanafunzi nyumbani, hakiyabebi.

Jambo la pili ni kwamba hatukuambiwa vya kutosha wapi vitenzi hivi visitumike. Mazungumzo ya mapokezi yanavitaka, lakini barua rasmi kwa kampuni ya utalii mara nyingi hupendeza zaidi kwa "postpone" na "cancel" kuliko "put off" na "call off". Vilevile wengi wa wageni wetu ni Waitaliano, Wajerumani, Wapolandi na wengineo ambao Kiingereza ni cha kujifunza kama sisi, na ukiwarushia vijineno hivi unaweza kuwachanganya. Faida kubwa ya darasa, kwa maoni yangu, ni kusikia na kufahamu. Kusema kunafuata baadaye na kwa kuchagua. Ningependa pia tusikilizishwe sauti za watu mbalimbali, kwani tuliisikia ya mwalimu peke yake, naye anatamka wazi kuliko wageni wengi.

Ugumu wa jambo hili hautokani na uzembe wa wanafunzi wetu. Samuel Johnson, alipochapisha kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba vitenzi vinavyofuatwa na vijineno ndivyo vinavyowapa wageni wa lugha hiyo taabu kubwa kabisa. Kwa hiyo mwalimu anayetumia wiki nzima kwa "take" hapotezi muda wa mtu.

Nalipendekeza darasa hili kwa aliyemaliza sekondari na anayekutana na wageni kila siku. Anayeanza Kiingereza leo litamlemea, na ni bora apitie kwanza darasa la awali. Ndugu zetu wa Pemba bado hawana pa kulipata, ingawa mwalimu ameahidi kulipeleka Chake Chake wakati wa likizo, na nawaomba wenye hoteli huko wamsaidie kupata chumba. Anayejiunga asiingie katikati ya kitenzi, kwani mazoezi ya kila kitenzi yamejengwa juu ya umbo linalosomeshwa siku ya kwanza, na aje na daftari lake kubwa la kuandikia zile maana ambazo kijitabu kimeziacha. Mzunguko mpya utaanza na "take" baada ya sikukuu ya Idi.