Sambusa za Ngamiani: uzoefu wangu wa mwezi mzima

Nimehamia Tanga juzijuzi tu, na kila jioni nanunua sambusa za nyama kwa mama mmoja pale Ngamiani. Shilingi mia tano moja. Hizi si sambusa za kujazia sahani.

Siri iko kwenye manda. Hanunui za pakiti. Anasukuma vidonge vinne, anapaka mafuta na kunyunyiza unga mkavu, anavibandika kimoja juu ya kingine, anasukuma tena kwa pamoja, kisha anapitisha kwenye chuma cha chapati na kuzibandua moja moja zingali moto. Ukiinua manda yake kwenye mwanga unaona kivuli cha kidole. Nilimuuliza mbona anahangaika hivyo na pembe, kuzipaka uji wa ngano mara mbili. "Mwanangu, tundu la sindano tu, sambusa inakunywa karai zima."

Kima anaikausha kwa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Kitunguu maji na kotmiri vinaingia ikishaipuliwa, ndiyo maana ukiuma bado vinalia.

Kuna jirani yangu anashikilia kuwa sambusa ya asili ni ya viazi. Asinichokoze. Jina lenyewe linatoka Uajemi, na Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuja kuikuta Delhi kwa sultani: nyama ya kusaga, lozi, pistachio na vitunguu ndani ya mkate mwembamba, imekaangwa kwa samli. Viazi wakati huo vilikuwa bado kwao, Amerika ya Kusini.

Sasa lawama. Ukichelewa mpaka baada ya magharibi, mafuta yameshakuwa meusi, na kwa kuwa wateja wamejaa anatumbukiza nyingi kwa mpigo. Karai linapoa, sambusa zinalegea na kufyonza. Ijumaa moja gazeti liliroa mpaka wino ukahamia mkononi. Gramu ya mafuta ina kalori 9, ya unga au nyama isiyo na mafuta haifiki nusu yake, kwa hiyo hapo nilikula mafuta yenye harufu ya sambusa. Nikalalamika. Akaniongezea mbili za bure, kutoka karai lile lile.

Siku hizi nafika saa kumi na moja, mkupuo wa kwanza. Nachukua tatu, na ndimu ya kukamulia.