Sinema ya magari iliyofungwa: nyota nne, na spika moja tuliyoondoka nayo

Ni kichekesho kidogo kutoa maoni juu ya mahali ambapo hata ukivutiwa huwezi kwenda. Ile sinema ya magari ya pembezoni mwa mji, sisi tukiiita draivini tu, ilifungwa miaka mingi iliyopita. Ila kabatini kwangu nina spika yao moja, nzito kama jiwe, na kila nikihama nyumba inaniangukia mguuni. Safari hii nimeona bora niandike.

Kwa ambaye hakuwahi kufika sinema ya namna hii: unalipa langoni bila kushuka, kisha unatafuta nafasi kwenye uwanja uliopigwa matuta, mstari nyuma ya mstari. Matuta yale hayakuwa urembo. Unapandisha matairi ya mbele, gari linainua pua, nawe unaona juu ya paa la aliye mbele yako. Mwenye wazo hilo ni Mmarekani Richard Hollingshead, aliyelikatia hataza na kufungua sinema ya kwanza ya aina hii karibu na Camden, New Jersey, Juni 1933. Inasimuliwa kwamba alianzia uani kwake: projekta juu ya boneti, kitambaa kimefungwa kwenye miti, magogo chini ya matairi, na mpira wa kumwagilia bustani ukirusha maji kwenye kioo ili ajue mvua itakuwaje. Mvua ilikuwaje sisi tulijua bila majaribio. Mama ndiye aliyekuwa akikumbusha, "Baba nanii, wipa," zinapita mara moja, tunapata dakika moja ya filamu safi, halafu waigizaji wote wanaanza tena kuyeyuka.

Kwa upande wa picha, nisiwadanganye, haikuwa nzuri. Skrini ilikuwa kubwa kama ukuta wa ghala na mwanga wa projekta ulilazimika kusafiri uwanja mzima. Walikuwa na haraka ya kuanza, kwa hiyo robo saa ya kwanza, mbingu bado zina weupe, waigizaji walionekana kama moshi. Mbalamwezi nayo haikusaidia. Na kila alipoingia aliyechelewa na taa zake kali, uwanja mzima ulimpigia honi.

Sauti ndiyo usiseme. Kila nafasi ilikuwa na nguzo fupi yenye spika ya chuma. Unaichukua, unaitundika kwenye kioo cha dirisha, na inakusemea kama mtu aliyejifungia ndani ya debe. Hata hivyo ilikuwa nafuu kuliko mambo ya mwanzo kabisa, pale sauti ilipotoka kwenye vipaza vikubwa kando ya skrini. Sauti hutumia karibu theluthi moja ya sekunde kutembea mita 100, kwa hiyo wa mstari wa nyuma aliona mdomo umeshafungwa ndipo neno likamfikia. Majirani nao, waliotaka kulala, walisikia kila kitu. Baadaye sinema nyingi zilihamia kwenye redio ya gari. Yetu ilipofika huko, sauti ilitakata lakini betri ikawa inakufa. Usiku mmoja tulisukumwa na watu watatu tusiowajua, mmoja wao kavaa nguo za kulalia.

Sasa mtaniuliza nyota nne zimetoka wapi. Zimetoka kwa Bibi.

Bibi hakuijua lugha ya zile filamu na hakuwa mtu wa kukaa na swali tumboni. Tuliwahi kumpeleka sinema ya ndani mara moja. Swali la pili tu, mtu wa mbele akageuka na kumwambia shhh. Bibi akanyamaza, akajifunika kanga, akalala mpaka mwisho. Draivini hakukuwa na wa kumnyamazisha. Alikaa kiti cha mbele, mguu wake unaomuuma kaunyoosha, na Baba akimtafsiria.

"Huyu ndiye mwizi?"

"Hapana, Mama. Mwizi ni yule mwenye kofia."

"Mbona sasa anamkumbatia huyu binti?"

"Ni shemeji yake."

Sisi watoto nyuma tulisikiliza na kuamini. Nilipokuja kuiangalia filamu hiyo nikiwa mtu mzima, maandishi ya tafsiri chini, hapakuwa na shemeji. Mwenye kofia alikuwa askari. Toleo la Baba lilikuwa bora, na sisemi kwa upendeleo.

Nyota ya tano nimeikata kwa sababu ya vyoo. Tuishie hapo.

Katikati ya uwanja palikuwa na kibanda, upande mmoja projekta, upande mwingine bisi na soda. Palikuwa na mapumziko marefu kati ya filamu mbili, na siku hizi naelewa kwa nini: sehemu kubwa ya pesa za tiketi huenda kwa wenye filamu, mwenye uwanja anaishi kwa bisi. Mama alikuja na sufuria lake limefungwa kitambaa, na magari ya jirani vilevile. Watu wanaolalamika leo kwamba sinema ile ilikufa, wengi wao hawakuwahi kununua hata soda. Nami ni mmoja wao.

Si sufuria la Mama peke yake, lakini. Uwanja wa ukubwa ule unaingiza pesa usiku tu, mchana umelala jua linaupiga, na wakati huohuo nyumba zinausogelea na bei ya ardhi inapanda. Kisha zikaja kanda za video, watu wakabaki sebuleni. Marekani kwenyewe, ambako sinema za namna hii zilipita 4,000 mwishoni mwa miaka ya 1950, sasa zimebaki mia chache, na zilizovumilia yote hayo zikakutana na gharama ya projekta za kidijitali, kwani filamu mpya hazikuwa zikija tena kwenye mikanda. Mwaka 2020, watu walipokatazwa kukusanyika, sehemu nyingi duniani waligundua upya kwamba gari ni chumba. Yetu wakati huo ilikuwa imeshakuwa maghala.

Habari ya spika ni hivi. Mdogo wetu alikuwa analia, filamu ya pili imefika katikati, Bibi kasinzia. Baba akawasha gari akaondoka kwa haraka, spika ingali dirishani. Tulisikia mlio mmoja mkavu. Kioo kilipona, uliokatika ni waya. Baba akasimama, akaiangalia ile spika mapajani mwake, akatazama nyuma foleni ya magari yaliyotaka kutoka, akasema, "Wiki ijayo tutawarudishia."

Wiki iliyofuata tuliisahau nyumbani. Nyingine vilevile. Tulipokuja kukumbuka kuitia kwenye gari, lango lilikuwa na mnyororo na kwenye ubao wa matangazo zimebaki herufi tatu zisizosomeka kitu.

Waya umebaki kama sentimita kumi, shaba yake imegeuka kijani. Kitufe cha sauti bado kinazunguka.