Nimesoma mara mbili kitabu cha Peter Brown kuhusu zama za kale za mwishoni

Kwa miaka mingi nilijua hivi: Roma ilianguka mwaka 476, kiongozi wa askari Odoacer alipomng'oa kaizari kijana Romulus Augustulus kwenye kiti cha enzi, kisha giza likatanda. Basi. Ndipo nikanunua nakala iliyotumika ya The World of Late Antiquity, kitabu cha mwanahistoria Peter Brown kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1971. Muuzaji aliisifia kuwa nzima, lakini gundi iliachia kabla sijafika katikati. Niliendelea kusoma kurasa zikiwa mkononi.

Brown anaanzia karibu mwaka 150 na kuishia 750. Mwanahistoria Mwingereza Edward Gibbon, katika karne ya 18, alikiona kipindi hiki kama anguko la muda mrefu. Brown yeye anakiona kama mabadiliko, na anatazama mashariki pia: Constantinople, Syria, Misri, Uajemi wa Wasasani, hadi Waarabu na Uislamu. Ukitazama eneo lote hilo, 476 ni habari ya Italia zaidi kuliko ya dunia.

Kilichonishika hasa ni watawa wa Syria. Simeon aliishi juu ya nguzo zaidi ya miaka 30 hadi alipofariki mwaka 459, nami nilizoea kumchukulia kama ushahidi kwamba akili za watu zilikuwa zimedumaa. Katika makala nyingine ya mwaka huohuo wa 1971, Brown anauliza wanakijiji walimfuata mtu wa aina hiyo kutafuta nini. Walimpelekea kesi zao! Mtu asiye na ukoo wala shamba pale kijijini hana upande, kwa hiyo neno lake lilipatanisha wagombanao. Nilisoma sehemu hiyo mara tatu.

Lakini usikisome peke yake. Maisha ya kawaida ya magharibi hayapewi uzito wa kutosha, na mwanahistoria Bryan Ward-Perkins alilijibu hilo mwaka 2005 kwa ushahidi wa kuchimbuliwa: vyungu vizuri viliadimika, paa za vigae zikatoweka vijijini, hata ng'ombe wakawa wadogo. Huko Uingereza ufundi wa kufinyanga kwa gurudumu ulipotea kabisa. Aliyekosa chungu kizuri hakuwa akipitia "mabadiliko" tu. Alikuwa amepoteza kitu.

Baada ya hapo nilikirudia cha Brown. Safari hii, kila nilipofika kwenye picha ya kazi ya sanaa, nilijiuliza nyumba ya mkulima wa jirani iliezekwa vigae au nyasi.