Kipimo cha presha chenye taa tatu: msaada mkubwa kwa mzazi, lakini kijani chake kisikulaze

Microlife CRADLE VSA ni kipimo cha presha cha mkononi kilichobuniwa na watafiti wa King's College London kwa ajili ya wajawazito na wazazi, yaani mama waliotoka kujifungua, hasa kule ambako daktari yuko mbali na umeme hukatika. Kwa umbo ni kidogo tu: mashine ya kushika kiganjani, mkanda wa kufunga kwenye mkono wa juu, na mpira wa kujaza hewa kwa kuminya. Kinachokitofautisha na vingine ni taa zake tatu, kijani, njano na nyekundu. Tunakitathmini hapa kwa kazi moja: kumlinda mama katika wiki sita za baada ya kujifungua, kipindi ambacho presha na moyo humgeuka huku ndugu wote macho yao yako kwa mtoto.

Hukumu yetu mapema. Kwa wodi ya wazazi, zahanati na mkunga anayezungukia nyumba, kinastahili kununuliwa. Kwa kugundua moyo uliodhoofika peke yake, hakitoshi, na kuna hali moja ambayo taa yake inaweza kumponza mgonjwa kama aliyeishika hajafundishwa. Hiyo tutaieleza kwa urefu.

Taa hufanya hivi. Namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, huwaka njano. Ikifika 160 au 110, nyekundu. Hapo mshale huelekea juu, maana yake presha imepanda. Upande wa pili mashine hugawanya mapigo ya moyo kwa namba ya juu ya presha. Jibu likiwa 0.9 au zaidi ni njano, likifika 1.7 ni nyekundu, na mshale huelekea chini. Mzazi mwenye mapigo 110 na namba ya juu 100 ana 1.1, yaani njano ya chini. Mwenye mapigo 140 na namba ya juu 80 ana 1.75, nyekundu. Huyu wa pili mara nyingi anavuja damu. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba huonyesha hatari kabla presha yenyewe haijaporomoka, kwa sababu mwili wa mwanamke kijana hujikaza kwa muda mrefu, kisha huanguka ghafla.

Sifa ya pili haionekani kwa macho, nayo ndiyo inayotufanya tukipendelee kuliko mashine nyingi za dukani. Mwanamke mwenye presha ya mimba, hasa akiwa amevimba, hudanganya mashine za kawaida: mishipa yake hubadilika, maji hujaa kwenye nyama za mkono, na mashine husoma chini ya presha halisi. Kipimo hiki kimejaribiwa kwa wajawazito, wakiwemo wenye kifafa cha mimba cha awali (pre-eklampsia, presha ya mimba inayoweza kuishia kwenye degedege) na wale ambao presha yao imeshuka. Anayetaka mashine nyingine aangalie kwenye orodha ya STRIDE BP, shirika la kimataifa linaloorodhesha vipimo vya presha vilivyohakikiwa, kama imethibitishwa kwa ujauzito. Za kufunga kifundo cha mkono ziacheni dukani.

Umeme wake huchajiwa kwa chaja ndogo kama ya simu, na kwa kuwa hewa hujazwa kwa mkono, chaji hudumu. Bei iliyokuwa ikitajwa kwa ununuzi wa taasisi ni takriban dola 20 za Marekani.

Je, kimeokoa maisha? Kilijaribiwa kwa ukubwa kati ya 2016 na 2017 katika vituo 10 barani Afrika, India na Haiti, Kampala ikiwemo. Vifo na matatizo makubwa vilipungua kidogo kwa hesabu ya juu juu, lakini vituo vilitofautiana mno, na baada ya marekebisho ya kitakwimu watafiti hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba upungufu ule ulitokana na kipimo. Tunalisema hili wazi kwa sababu wauzaji hupenda kuliruka. Taa nyekundu isiyo na nifedipini ya kushusha presha kabatini, magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege na gari la rufaa ni taa tu.

Sasa matumizi, maana hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Mzazi akojoe kwanza. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kuikunja. Mtoto apakatwe na mtu mwingine, asiwe ananyonya wakati huo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya mkono wa dera, ukingo wake wa chini ukiwa vidole viwili juu ya kiwiko. Mkono ulale juu ya meza au mto, usawa wa kifua. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, namba hupanda kwa karibu 8, kwa hiyo 134 inakuwa 142 na taa inageuka njano bila ugonjwa wowote. Usipime mkono wenye dripu. Nyamazeni, nyote wawili. Jaza hewa hadi kama 180, na kwa mzazi aliyekuwa na presha jaza zaidi, kwa kuwa hewa isipoizidi presha yake mashine haina pa kuanzia. Pumzika dakika moja, rudia, andika vipimo vyote viwili na saa. Kwa taa nyekundu ya juu rudia ndani ya dakika 15 huku dawa ikiandaliwa, maana 160/110 inayodumu inatakiwa ianze kutibiwa ndani ya saa moja.

Mkanda ni tatizo sugu. Wa kati hutosha mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, ukipimwa kwa futi ya fundi katikati ya bega na kiwiko. Wanawake wengi wa mjini wamepita 32. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, mkubwa kwenye mkono mwembamba huishusha, na hili la pili ndilo baya zaidi kwa sababu linamrudisha nyumbani mama mgonjwa. Agiza na mkanda mkubwa siku ileile ya kununua mashine.

Halafu siku za kupima. Wengi hudhani mtoto akitoka presha imekwisha. Kumbe hupanda hadi kilele kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati mama aliruhusiwa baada ya saa 24 na yuko nyumbani anakandwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza aonwe tena kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na 14, kisha wiki ya sita. Kwa aliyekuwa na presha ya mimba sisi tungetaka apimwe kila siku kwa wiki ya kwanza yote, na hapo ndipo mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye mashine hii mfukoni anapokuwa na thamani isiyo na kifani. Kichwa kuuma sana, macho kuona nyota au maumivu chini ya mbavu za kulia ni rufaa hata kama taa ni ya kijani.

Tuje kwenye moyo.

Kuna ugonjwa wa msuli wa moyo unaohusiana na uzazi, unaotokea kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kujifungua. Moyo hulegea, damu inayosukumwa kwa kila pigo hushuka chini ya asilimia 45 ya iliyomo, maji hurudi kwenye mapafu na miguu. Mama hushindwa kulala chali, huamka usiku akitafuta hewa, hukohoa, huvimba miguu hadi ukibonyeza kidole shimo linabaki. Nyumbani huambiwa ni uchovu wa kulea. Kituoni huweza kupewa dawa ya nimonia, au kupimwa kifua kikuu, au kuongezewa vidonge vya damu.

Mashine inamwonaje? Chukua mzazi mwenye presha 112/80 na mapigo 98. Jibu ni 0.875, kijani, naye hawezi kulala bila mito mitatu. Mwingine ana 100/70 na mapigo 120. Hiyo ni 1.2, njano yenye mshale wa chini, na hii ndiyo hali tuliyoitaja mwanzo. Mhudumu aliyefundishwa kwamba mshale wa chini ni damu hukimbilia kufungua dripu kwa kasi. Kwa anayevuja damu ni sawa kabisa. Kwa moyo uliolegea, lita moja ya maji huishia mapafuni. Kwa hiyo kabla ya dripu angalia pedi, shika tumbo uone kama kizazi kimekaza, hesabu pumzi kwa dakika nzima, sikiliza mapafu kwa nyuma. Kama hakuna damu wala dalili ya maambukizi, kizazi ni kigumu, na pumzi zimefika 24 au zaidi, fikiria moyo. Kwa huyo, mapigo yakifika 120, pumzi 30 au oksijeni ya damu asilimia 94 na kushuka, yoyote kati ya hizo, anyanyuliwe akae, apewe oksijeni, apelekwe.

Hospitali anayopelekwa iwe na eko, kile kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha moyo ukidunda. Eko ndiyo inayotoa jibu. Kwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili inafanya. Dawa zipo, na wengi moyo hurudi nguvu. Enalaprili, iliyokatazwa wakati wa mimba, hutumika kwa anayenyonyesha. Ila asibebe mimba nyingine kabla ya kuongea na daktari wa moyo, hata akijisikia mzima, kwa hiyo uzazi wa mpango uzungumzwe kabla hajatoka wodini.

Kasoro nyingine: mapigo yasiyo na mpangilio huichanganya mashine. Ukanda wetu una wanawake wengi wenye vali, yaani milango ya moyo, zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, na hao huzidiwa hasa saa na siku za mwanzo baada ya kujifungua, damu ya kizazi inaporudi kwenye mzunguko. Mashine ikikupa namba tatu zinazopishana sana, shika mshipa wa mkono kwa dakika nzima na upime presha kwa stetoskopu. Damu iliyoganda mapafuni nayo haina taa yake: pumzi kubana ghafla, kifua kuchoma, au mguu mmoja kuvimba na kuuma ni dharura, hata wiki ya tano.

Kwa familia moja kununua ya nyumbani, tungeshauri mashine inayojaza hewa yenyewe, iliyothibitishwa kwa ujauzito. Shangazi au mama mkwe anayelea mzazi ataitumia kwa urahisi zaidi kuliko kuminya mpira. CRADLE tunaiachia zahanati, wodi na mkunga. Baada ya arobaini mashine ya nyumbani isifungiwe kabatini, kwa kuwa aliyepata kifafa cha mimba cha awali ana hatari ya kiharusi na ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu mara mbili ya mwenzake, na ya moyo kushindwa kazi karibu mara nne. Presha yake ipimwe angalau mara moja kila mwaka, na anapoulizwa historia yake, mimba ile aitaje.